Mutoto wa Bio-Chimie na samaki ya mu sahani yetu

Siku ya mposho jioni tulikuwa ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, mbele ya meza za samaki. Mama mmoja alikuwa anatoa thomson katika kartoni, barafu imeanza kuyeyuka na mayi inachuruzika chini ya meza. Pembeni yake kulikuwa ndoo ya tilapia za Kasenga, halafu magunia ya samaki kavu ya Bukama na ndagala za Kalemie. Hapo tulikutana na baba mmoja, mfanyakazi wa mine, aliyekuja kununua mboga ya siku ya Yenga. Alipojua kama sisi ni watu wa gazeti, hakutuuliza bei ya shaba. Alituuliza hivi:

— Bandugu, mutoto wangu alimaliza Bio-Chimie, na Exetat alipata. Mi namuambia: ingia ku mines, ao ku polytechnique. Yeye anasema anataka kusoma biokimia ya samaki. Samaki! Iyo njo kazi gani? Mulobaji wa Luapula anajua samaki kushinda profesere, na hakuingiaka hata siku moja ku iniversite.

Tulicheka pamoja naye. Lakini tulipofika nyumbani tukaona kama swali lake halikuwa la kucheka. Wazazi wengi wa kambi na wa cité wanaliuliza kila mwaka, wakati matokeo ya Exetat yanatoka na pesa ya kuandikisha mutoto inapashwa kutafutwa. Tulimuahidi jibu. Leo tunalitoa, juu yake na juu ya wengine.

Kiwanda ndani ya mwili

Biokimia ni elimu ya kazi inayofanyika ndani ya mwili wa kila kitu chenye uzima: namna chakula kinageuka nyama, namna damu inabeba hewa, namna sumu inaingia na namna mwili unaifukuza. Mwenye kufanya kazi ya shaba ataelewa upesi. Jiwe linaingia kiwandani upande mmoja, linapondwa, linatiwa katika asidi, shaba inatoka upande mwingine. Mwili nao ni kiwanda. Wafanyakazi wake wanaitwa enzima. Kila enzima ina kazi yake moja: hii inakata, ile inaunga, nyingine inabeba. Enzima moja ikisimama, mustari muzima unasimama.

Kusoma biokimia ya samaki na ya vitu vingine vya mu mayi ni kusoma kiwanda hicho katika tilapia, kambale, thomson, hata katika majani madogo ya ziwa ambayo jicho haliyaoni. Mulobaji anajua samaki yuko wapi na analobwa saa ngapi. Hiyo ni elimu ya kweli, na hakuna profesere atakayeishinda. Lakini kuna maswali ambayo nyavu haiwezi kujibu: samaki huyu amekufa tangu siku ngapi? Amekula nini? Ini lake limebeba nini? Mutoto wangu akimula, atapata nguvu ao atapata ugonjwa?

Samaki mukunje angali mbichi

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Tunalitumia neno hilo juu ya kulea watoto, na tunasahau kama linasema ukweli juu ya samaki mwenyewe. Kwa nini samaki aliyekufa anakuwa mugumu kama fimbo?

Ndani ya nyama kuna kitu ambacho wataalamu wanaita ATP. Tukiite betri ya mwili, kama betri ya taa ya kichwa mule mu galeri. Samaki akiwa muzima, betri inachajiwa kila mara na nyama inaweza kujikaza na kujilegeza. Akikufa, haichajiwi tena. Kidogo kidogo inaisha, na nyuzi za nyama zinashikana pale zilipofika. Ndiyo sababu anakuwa mugumu. Nyuma ya saa kadhaa ao siku, enzima zake mwenyewe zinaanza kukata nyama, naye analegea tena. Lakini ulegevu huu wa pili si wa uzima. Ni mwanzo wa kuoza.

Na ile ATP haipotei hivi hivi. Inageuka kitu kingine kinachompa samaki ladha yake ya utamu, halafu kinageuka tena kuwa kitu kichungu. Katika labo wanapima vitu hivi viwili, kile cha utamu na kile cha uchungu, na kutoka hapo wanajua samaki amekaa muda gani. Muuzaji anaweza kumwaga mayi juu ya samaki ili macho yang'ae. Lakini kipimo hiki hakidanganyiki na mayi.

Kuna jambo lingine ambalo linafaa wanaouza. Mikrobu zilizo juu ya samaki wa bahari ya baridi zimezoea baridi, hivi hata katika barafu zinaendelea na kazi yake. Mikrobu za mito na maziwa yetu zimezoea joto, barafu inazishinda. Kwa hiyo tilapia aliyewekwa vizuri katika barafu toka saa alipotoka mu mayi anaweza kukaa zaidi ya juma mbili bila kuoza. Barafu ya Kasenga mpaka Lubumbashi ni pesa, lakini samaki anayetupwa ni pesa kubwa zaidi.

Thomson na ile tunaita sumu

Sasa tuingie mu jikoni. Thomson ni samaki wa bahari, wengi wanatoka Namibia katika frigo. Ni chakula cha familia nyingi za wafanyakazi juu bei yake inawezekana. Nyama yake ina kitu kimoja kinachoitwa histidini, nyingi kupita ile ya tilapia. Samaki akikaa katika joto, mikrobu zinageuza hiyo histidini kuwa histamini. Na histamini ndiyo inaleta shida: uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, ngozi inawasha, mara nyingine mtu anatapika. Inaweza kuanza nyuma ya dakika chache tu za kula, ao saa moja mbili.

Mambo mawili ya histamini yanapashwa kujulikana katika kila nyumba. La kwanza: kupika hakuiondoi. Unaweza kukaanga thomson mpaka akauke, histamini inabaki. La pili: kurudisha samaki katika frigo hakuiondoi pia. Umeme ukikatika usiku muzima, kartoni ikayeyuka, halafu ikagandishwa tena asubuhi, kwa macho ni thomson ileile. Ndani si yeye tena. Ndiyo maana sheria za chakula za kimataifa, zile za Codex, zinaweka mpaka: histamini isipite miligramu 200 katika kilo moja ya samaki. Macho na pua havioni mpaka huo kila mara. Labo inauona.

Tunajua namna mambo yanavyokwenda kwetu. Watu watatu wanakula sahani moja, wote wanaumwa usiku uleule, na kesho yake jina la jirani ao la shangazi linaanza kutajwa. Tumeona jamaa zinavunjika hivyo. Hatusemi kama kila ugonjwa wa tumbo ni histamini. Tunasema: mbele ya kumshitaki mtu, kimbiza mgonjwa lupitali, chunga kipande cha samaki kilichobaki, na uliza kama umeme ulikatika ku duka. Mutoto aliyesoma biokimia angeweza kuokoa ndoa na ukoo, si tumbo tu.

Basi mama, nunua samaki wa mwisho wa soko, si wa kwanza, ili asizunguke nawe mu jua. Aliyeyeyuka usimgandishe tena. Mpike siku ileile.

Mayi yetu, shaba yetu

Hapa tunafika mahali ambapo masomo haya yanatugusa sisi kuliko watu wengine. Sisi ni watu wa shaba na kobalti. Mito inayopita karibu na mine zetu ni mito ileile inayotulisha.

Tazama Lufira. Mwaka 1930 centrale ya Mwadingusha ilianza kutoa umeme kwa viwanda, na nyuma ya kizuizi chake mayi ilifurika tambarare na kufanya ziwa la Tshangalele. Vijiji vya wavuvi viliota pembeni. Lakini mayi inayoshuka upande wa Likasi, mahali shaba inatengenezwa tangu karibu miaka mia moja, inaelekea pia huko. Mwaka 2010 wanasayansi wa kwetu na wenzao wa Ubelgiji walichapisha kazi yao juu ya Lufira ya juu. Walifuata shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiyumu, uraniamu, vanadiyumu na arseniki, toka mayi na matope, mpaka vidudu na majani madogo, mpaka samaki. Metali hizo hazikubaki katika matope. Zilipanda ngazi ya chakula.

Hapo biokimia inauliza swali lake: zikisha kuingia, zinafanya nini? Jibu halifanani kwa kila metali. Shaba kidogo inahitajiwa na mwili. Enzima nyingi haziwezi kufanya kazi bila yake. Kobalti iko katikati ya vitamini B12, ambayo bila yake damu haitengenezwi vizuri. Shida ni kipimo. Samaki wa mito ana chumvi mwilini kushinda mayi inayomzunguka, na kila dakika matamvua yake yanavuta chumvi ili isiishe. Shaba ikizidi, inaziba mlango huo wa chumvi. Samaki anakufa juu ya kupoteza chumvi, na hakuna kidonda utakachoona. OMS inakubali mpaka miligramu 2 za shaba katika litre moja ya mayi ya kunywa ya watu. Samaki wengi, hasa wadogo na katika mayi isiyo na chokaa, wanakufa mbali sana chini ya mpaka huo. Hivi mtu anaweza kusema "mayi ni muzuri, mi nakunywa," na kumbe samaki wameisha.

Samaki asiyekufa anajitetea. Ini lake linatengeneza protini ndogo inaitwa metalotioneini, inayokamata shaba, zinki na kadmiyumu na kuzifunga. Metali zikiongezeka katika mayi, protini hiyo nayo inaongezeka katika ini na mafigo. Risasi nayo ina alama yake: inapunguza nguvu ya enzima moja ya damu, katika samaki kama katika watu. Mwenye kujua kusoma alama hizi anaona hatari wakati samaki wangali wanaogelea na soko lingali limejaa. Wachimbaji wa chini wanaelewa. Nguzo ya mti inalia mbele ya mwamba kushuka. Anayesikia anatoka. Katika mito yetu samaki ndiye nguzo, na wanaojua kumsikia wangali wachache.

Toka elimu hiyo tunapata mashauri ya leo. Metali nyingi zinakaa katika matamvua, matumbo, ini na mafigo kuliko katika nyama. Kwa hiyo samaki wa mito ya upande wa viwanda, toa matumbo na matamvua yote, osha, halafu pika, usipike ini. Samaki wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao, uliza wanatoka mayi gani. Na samaki wa mabwawa ya matope ya kiwanda, hata akiwa munene namna gani, si chakula. Moto unaua mikrobu, metali haiiui.

Zebaki ni habari nyingine, na tunaisema juu ya ndugu wanaochimba zahabu. Katika matope ya mayi mikrobu zinaigeuza, inaingia katika nyama yenyewe, na inaongezeka kila samaki mukubwa anapomumeza mudogo. Kutoa matumbo hakusaidii. Minamata, kule Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika bahari. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa, na watu waliokula samaki walipoteza miguu, macho na akili, hata watoto waliokuwa tumboni. Wavuvi na paka zao ndio walianza kuumwa. Wenye kusoma miili ndio walionyesha sababu.

Hatuko mbali na maswali hayo. Mwaka 2009 wataalamu wa Iniversite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mikojo ya watu wa Katanga. Walioishi karibu na mine na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana, na watoto kupita wakubwa. Kobalti inapita katika vumbi, mayi na chakula. Kujua kila njia inaleta kiasi gani ni kazi, na kazi hiyo inatafuta mikono.

Kidimbwi nyuma ya nyumba

Baba mmoja wa pension aliwahi kutuambia kama samaki wake wanakuja juu ya mayi kila asubuhi, wanafungua kinywa kama wanaomba. Alifikiri wana njaa, akawatupia chakula zaidi. Baada ya juma moja walikufa wengi. Biokimia ingemuambia: mchana majani ya mayi yanatoa hewa, usiku yanaikula pamoja na samaki. Mbele ya jua kutoka, hewa iko kidogo kabisa. Na chakula kinachobaki chini kinaoza, kinaimaliza. Samaki hawakuomba chakula. Walitafuta hewa.

Hii si elimu mupya kwetu. Tangu miaka ya 1940 kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilijulikana kwa kazi yake juu ya kufuga tilapia. Tilapia ana matumbo marefu. Anajua kugeuza majani na pumba kuwa nyama. Kambale anataka protini zaidi. Mwenye kufuga anapashwa kujua hivyo, juu chakula ndicho kinakula pesa nyingi za kidimbwi. Soja ni muzuri, lakini soja mbichi ina kitu kinachofunga enzima ya kukata protini, hivi samaki anakula bila kukomaa. Ikaange ao ichemshe kwanza, kizuizi kile kinavunjika. Ni jambo dogo, na linaweza kutenganisha faida na hasara kwa mtu aliyetia pesa yake ya mwisho wa kazi katika kidimbwi.

Njia ya masomo

Mutoto anayetoka Bio-Chimie amekwisha kuweka mguu mmoja. Ku iniversite anaweza kupitia kimia, biolojia, agronomia ao udaktari wa nyama. Vyote viko Lubumbashi. Kwa mambo ya maziwa kuna pia hidrobiolojia ku ISP ya Bukavu, na kituo cha utafiti cha Uvira pembeni ya Tanganyika. Katika mfumo wa LMD, licence ni miaka mitatu, halafu master miaka miwili. Ajue hesabu, ajue kimia vizuri, asiogope Kiingereza juu vitabu vingi viko humo, na akubali kukata samaki wengi wenye harufu.

Hatutaki kudanganya wazazi. Masomo haya ni marefu, na vyombo vya labo si vingi. Kijana wa umri wake anayeenda kuchimba anaweza kurudi jioni na pesa mkononi, yeye angali na deni la siladi. Lakini kazi ziko: kupima chakula kinachoingia inchini, kama labo za OCC zinavyofanya, kulinda mayi katika kampani za mine, zinazolazimishwa na sheria kuchunga mazingira, kutengeneza chakula cha samaki, kufundisha, kufuga. Mine inaisha siku moja, kila muchimbaji anajua. Siku hiyo watu watakuwa wangali wanakula.

Jibu letu

Basi, baba wa soko ya Kenya, jibu letu ni hili. Mulobaji wa Luapula anajua samaki, ni kweli. Mutoto wako hataki kumfundisha kuloba. Anataka kujua kitu ambacho wewe, mulobaji na mama wa thomson hamuwezi kuona kwa jicho, na ambacho ninyi watatu mnakihitaji. Sasa watu wa mbali wanakuja, wanachukua mikojo yetu na samaki wetu, wanapima kwao, wanatuandikia matokeo kwa lugha yao. Si vibaya. Lakini nani atasimama ku kijiji cha Lufira na kumuelezea mama kwa Kiswahili ni samaki gani ampe mutoto, kama si mutoto aliyekulia hapo na bukari na samaki huyohuyo?

Usimukatae mbele ya kumusikia. Mwite, mkae, akuelezee yeye mwenyewe ini la samaki linafanya kazi gani. Ukiona anaelezea mpaka bukari inapoa, ujue amepata njia yake. Angali mbichi. Na ukisha kusikia, rudi utuambie. Ku soko tuko kila siku ya mposho.